Saa Kumi na Moja Kasorobo

Kabla umande haujakauka naufuta uso wa kioo,
kuba dogo, kama chungwa lililokatwa nusu,
kwa kitambaa cha pamba na maji yaliyochujwa.
Hapa Kabete hii ndiyo kazi ya kwanza, chai baadaye:
kuhakikisha jua linaloingia ni jua,
si vumbi la barabara, si kinyesi cha kunguru,
si ua la mjakaranda lililojilaza juu ya kipimo
likaifanya Oktoba ionekane ya mawingu.

Aliyenifunza ni Otuoma,
mtu wa maneno machache na kalamu nyingi mfukoni.
Siku ya kwanza hakunionyesha mtambo.
Alinipeleka nyasini, akasema: vua viatu.
Nikakanyaga. Baridi ya Julai ikanipanda hadi magotini.
"Ardhi nayo inasikia hivyo," akasema.
"Sisi tunaandika tu inachosikia."

Jua likitua juu ya nyasi, sehemu yake hurudi angani bila kuingia;
sehemu huzama kwenye udongo mwekundu,
sentimita nane chini, tulikozika sahani ndogo
kama watu wanavyozika kitovu;
sehemu huipasha hewa, ile inayochezacheza juu ya mabati adhuhuri;
na sehemu hunywewa na majani, ikapanda ikiwa mvuke
bila kuaga.
Mapato, matumizi. Kama kitabu cha chama.
Ila mweka hazina wa chama angeshafukuzwa:
miaka ishirini na saba, hesabu hii haijafunga.
Katika kila mia, kumi na tatu hazionekani.
Tumebadilisha nyaya.
Tumewatoa siafu kwenye sanduku.
Tumemlaumu korongo aliyependa kulala juu ya mlingoti.
Kumi na tatu zinakwenda zinakokwenda.

Niliwahi kumuuliza Otuoma kama si afadhali tuzigawe,
hapa kidogo, pale kidogo, jedwali lipendeze.
Akanitazama kana kwamba nimependekeza tuibe dawa za zahanati.
"Usichokijua," alisema, "kiandike kwa wino uleule."
Mwaka uliofuata alistaafu, akarudi Funyula,
akaniachia daftari na kalamu mbili zilizokauka.

Kisha jengo likaanza kuota upande wa magharibi.
Nikaandika: ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tano.
Nguo zimeanikwa ya sita.
Tarehe kumi na moja Februari, saa kumi na moja kasorobo,
mstari ambao kila jioni huteremka taratibu kama mtu ashukaye kilima
ukaanguka ghafla,
kama aliyekosa ngazi gizani.
Nikatoka mbio. Anga safi, hata kipande cha wingu.
Juu ya kuba kililala kivuli chenye umbo la tangi la maji.

Nilipanda hadi paani. Lifti ilikuwa bado ahadi.
Mama mmoja, Syombua, alikuwa akianua mashuka.
Nikamweleza, nikihema, habari za kipimo.
"Yaani tangi letu lihame kwa ajili ya jua?"
"Kwa ajili ya dakika kumi na nne za jua."
Akacheka mpaka kibanio kikamdondoka.
Kisha akanishika mkono, akauweka ukutani.
Jua lilikuwa linazama, lakini zege lilikuwa na homa.
"Linashinda likila joto, usiku linatutapikia sisi.
Watoto wanalala sakafuni, juu ya kanga zilizoloweshwa.
Hilo nalo mnaliandika?"

Sikuwa na jibu.
Chini, mlingoti wetu ulionekana mwembamba kama njiti,
na nyasi zetu, kiraka cha kijani
ambacho kwa miaka yote hiyo tumekiita ardhi.

Tangi halikuhama.
Wakubwa wanasema tusogeze mtambo mita mia mbili,
tukate mfululizo, tuanze upya na sifuri.
Hawajaamua. Mimi naendelea kufuta kioo.
Na kwenye daftari, safu ya mwisho, ile ya maelezo,
kila jioni isiyo na mawingu:
*Kivuli, dakika kumi na nne. Chanzo: watu wanahitaji maji.*
Na chini yake, tangu siku ile,
ingawa hakuna safu yake:
*ukuta wa Syombua, saa tatu usiku, bado moto.*