Kifungu cha Nne

Saa mbili usiku, ghorofa ya pili, Mtaa wa Ohio,
kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
nami bado nimekwama kifungu cha nne:
"Mtoa huduma maana yake ni"

ni nani?

Barua ya Bi Ndeshi Mlay, muuza vitenge, Mtaa wa Kongo,
nimeibandika ukutani. Mwandiko umelala kushoto.
Fedha naziona. Zipo. Kila mtu anaziona.
Ila hazishikiki. Nimshitaki nani?

Mafundi walikuja, vijana wa Sinza, wapole.
Wakasema daftari hili halina mwenyewe,
nakala elfu kumi, ukichana moja zimebaki zingine.
Nikauliza ofisi iko wapi. Wakacheka, si kwa ubaya.
Sheria hubisha hodi. Hapa ukuta upo, mlango hakuna.

Nikamkumbuka mama, Keko, Jumamosi za kikoba:
sanduku la bati, makufuli matatu,
funguo kwa wanawake watatu wasiopatana.
Mkubwa hakuna, sheria ipo:
ukichelewa, mia mbili; ukitukana, mia tano.
Mwaka ule Bi Havijawa alipofiwa, akajifungia na ufunguo,
hawakuvunja bati.
Walikwenda kukaa naye matanga,
siku ya nne akaufungua mwenyewe kwenye pindo la kanga.

Nafuta "mmiliki".
Naandika "wenye funguo".
Nafuta tena.

Ndoo imejaa. Naimwaga dirishani,
na huko chini mlinzi ananitukania ukoo mzima.

Mia tano, namjibu.