Dirisha la Ziwa

Nyumba yetu ina tarehe kifuani: 1927,
na chini yake jina la mtu, limefinyangwa kwa plasta.
Herufi tatu zimeanguka.
Zilizobaki zinasomeka kama kikohozi.
Ipo Barabara ya Iganga, hapa Jinja,
juu ya duka la betri za magari.
Mimi nakaa chumba cha nne,
kilichokuwa robo ya sebule
kabla plaiwudi haijaigawa
kama mkate wa matanga.

Nafuma masweta ya shule.
Mashine huenda kra, hurudi kra,
na jirani yangu Tenywa, mlinzi wa usiku,
hulala mchana kwa mdundo huo.
Nikinyamaza huamka:
"Uzi umekatika?"
Ukuta wetu ni mwembamba hivyo.
Najua ndoto zake, anajua madeni yangu.

Kuna kishubaka karibu na kitanda,
cheusi kwa masizi ya taa za wenyewe
waliopewa siku tisini wafunge mizigo.
Kila nikipaka chokaa, doa linarudi.
Sijui walimwomba nani hapo.
Mimi huweka mswaki,
na siku nyingine naona haya.

Mwezi wa pili walikuja watu wa manispaa.
Mmoja akakwangua ukuta wa mbele kwa kisu kidogo:
krimu, chini yake kijani,
chini yake buluu, chini kabisa waridi.
"Huu ni urithi," akasema, akapiga picha.
Tenywa akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha jeshini:
"Urithi? Nani amekufa?"

Waridi, nadhani, ni ya mwenye jina.
Buluu ni ya waliokabidhiwa nyumba kwa barua.
Kijani ni ya waliowatoa hao.
Krimu ni sisi wa mwezi kwa mwezi.

Wakapaka mbele tu, waridi kama zamani.
Nyuma, bomba la choo bado linalia.
Nyumba njema si mlango, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakuwahi kupangisha.

Tarehe tano akaja Mwondha, dalali,
kalamu sikioni, kitabu cha risiti kwapani.
"Laki mbili na nusu imekuwa laki tatu."
Kwa nini?
"Dirisha lako linaona ziwa."

Nikageuka kutazama.
Kweli, kati ya tangi la maji
na paa la kiwanda cha nguo kilichokufa,
kipande cha ziwa, upana wa leso ya mtoto.
Miaka tisa nimekianikia soksi mbele yake
bila kujua ni mali.

Mwezi wa nne usubi ukatoka majini,
nguzo za moshi zinazotembea,
ukaingia kwenye uzi, kwenye chai, kwenye sala.
Asubuhi nikaufagia,
nikautia katika bahasha ya kaki pamoja na kodi:
*Vilivyoingia kupitia dirisha, robo kilo.
Tafadhali kata.*

Mwondha akapanda ngazi mwenyewe, bahasha mkononi.
Nilingoja matusi.
Akasimama dirishani, muda mrefu kwa mtu wa haraka,
akitazama lile paa, si ziwa.
"Baba yangu alikuwa pale, idara ya rangi," akasema.
"Alirudi na mikono ya buluu.
King'ora kikilia, mji mzima ulijua ni saa ngapi."
Kisha akakaa kitandani pangu
akaandika risiti:
laki tatu, kamili, bila kukata hata shilingi.

Alhamisi hiyo, Tenywa akiwa mapumzikoni,
umeme ukazimika katikati ya mkono wa sweta.
Nikapapasa, nikauondoa mswaki,
nikawasha mshumaa kishubakani.
Moshi ukapanda moja kwa moja hadi kwenye lile doa,
kama mtu anayekijua chumba gizani.

Ukutani, kugonga mara mbili.
"Uzi umekatika?"
"Hapana," nikasema. "Lala."