Inchi Moja na Robo

Januari. Sare za shule zimenirundikia hadi kifuani
nami nimejikunja juu ya cherehani
kama koma.
Miaka kumi na tisa kwenye kibaraza hiki cha Mbuyuni,
nikishona mabega ya watu
huku ya kwangu yakipanda, taratibu, kuyafuata masikio.

Fundi yeyote analijua hili:
ukimzungushia mtu futi, anajinyoosha.
Hata mlevi. Hata mwenye madeni.
Anavuta pumzi, anakuwa mrefu kwa dakika moja,
halafu anarudi kwenye mwili wake.
Ndiyo maana suti hazikai.

Eliaichi, muuguzi, alikuja kupunguziwa gauni la kazi.
Nikampima. Hakujinyoosha.
Alisimama tu, ametulia kama maji mtungini.
"Na wewe," akauliza, "hupimwa na nani?"
Akanipokonya futi. Bega la kushoto
limeliacha la kulia kwa inchi moja na robo.

Nikajikaza kama askari wa gwaride.
Akacheka. "Hilo ni fundo jingine, fundi.
Fumua kwanza."

Basi jioni, mlango ukiwa nusu umefungwa,
nasimama pekupeku juu ya vipande vya vitambaa.
Nyayo kwanza: kisigino, dole gumba, ukingo wa nje.
Kisha taya. Kumbe nilikuwa nimeuma kitu
tangu mwaka juzi.
Naliviringisha bega polepole,
kama ninavyorudisha uzi kwenye bobini kwa mkono;
linakwaruza, linagoma, linakumbuka.
Pumzi inashuka mpaka penye mkanda.
Kichwa hakivutwi. Kinaachwa kielee.

Sijapona, uongo sipendi.
Shingo bado inalia kama mlango wa banda,
na kesho kuna sketi arobaini za kijani.
Ila nimepiga alama ya chaki ukutani,
usawa wa macho yangu,
na wiki hii nimeipita
kwa upana wa pindo.

Jana, nikiwa nimesimama hivyo, mikono ikining'inia,
kijana wa duka la jirani akaniuliza,
"Fundi Ndekirwa, unamsubiri nani?"
Nikainua macho. Juu ya mabati ya soko
Kibo ilikuwa imetoka mawinguni, nyeupe,
labda tangu asubuhi.
"Bega," nikamwambia. "Liko njiani."