Kumbukumbu za Kikao

Nilikuwa na siku tatu kazini.
Jina lilitajwa mara moja, kwa haraka:
Nautamlal Bhagwanji Sodha, diwani mpya, Mabatini.
Nikapiga taipu: Notamu.
Alisoma, akacheka kwa pua,
akatia sahihi chini ya kosa langu.

Kura alizipata kwa alama ya nyumba.
Mwenzake alipewa jembe,
na jembe, Usukumani, si kitu cha kuchezea.
Lakini huyu alikulia juu ya marobota ya pamba,
katika jineri ya baba yake,
akapanda jukwaani, akasema, "Mwangaluka,"
kwa lafudhi iliyomfanya mama yangu atue kapu asikilize.
Hakuahidi barabara. Aliahidi bomba.
"Moja tu?" mtu akauliza.
"Moja. Lakini litoe maji."

Vikao kumi na viwili. Ninavyo kichwani.
Injinia: hakuna mabomba ghalani.
Mweka hazina: hakuna fungu.
Diwani Sodha: ziwa lile pale dirishani,
mnaliona wote, na Mabatini wananunua maji kwa debe.
(Hilo la dirishani mwenyekiti aliniambia nilifute.
Sikulifuta.)

Halafu ukaja ule mwaka wa majengo.
Orodha ililetwa imefungwa kwa kamba ya katani,
na mwenyekiti, kwa makusudi au kwa kukosa miwani,
akampa yeye aisome.
Tano. Sita.
Saba: ghorofa mbili, Makoroboi,
mmiliki Bhagwanji Sodha na Wanawe.
Hapo hakupumua. Alipumua kwenye nane.
Najua, kwa sababu vidole vyangu vilisimama
na sauti yake haikusimama.

Nyumbani walisemezana nini, sijui.
Wanasema baba yake aligeuza kiti
kikatazama ukuta, kikabaki hivyo.
Ndugu zake wakaenda Lesta.
Yeye akapanga chumba cha nyuma katika jengo lilelile,
akimlipa kodi Msajili wa Majumba,
stakabadhi akizitunza kwenye kopo la samli.

Bomba lilitoa maji Jumanne moja, bila utepe.
Nkwimba, muuza maandazi, aliingiza ndoo ya kwanza,
akaonja, akatema, akasema yana kutu,
akajaza ya pili.
Mwezi haukuisha, baraza likavunjwa.

Mabaraza yaliporudi, miaka mingi baadaye,
alichukua fomu tena. Safari hii wakampa jembe.
Watu walicheka mpaka wakakaa chini:
Mhindi na jembe, wapi na wapi!
Alilishika mkutanoni
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani.
Kura mia mbili na tisa.
Matokeo nilipiga taipu mimi, na safari hiyo
nikaliandika jina lote, herufi kwa herufi.
Halikumsaidia kitu.

Tulimchoma upande wa ziwa, asubuhi ya manyunyu,
kuni zikikataa kushika.
Sisi tuliozoea kutupa udongo
hatukujua mikono tuiweke wapi.

Bomba lilikauka zamani.
Limebaki gogo la zege, watoto wanalikalia
wakisubiri zamu ya baiskeli.
Juzi mjukuu wangu kaniletea bili ya maji nimsomee.
Mtaa: Notamu.
Nikatafuta kalamu nisahihishe,
kisha nikakumbuka:
alishatia sahihi.