Usiguse

Bi Twaiba ameirudisha kompyuta
ndani ya kikapu cha ukindu, imevishwa leso mbili
kama mgonjwa wa baridi.
Hajaketi. Hajavua viatu.
"Nyumba umeipaka chokaa, mwanangu, haya, inang'aa.
Lakini milango yangu i wapi?"

Naiwasha.
Mfumo endeshi niliouweka juzi unaamka upesi,
unajipigia kengele wenyewe,
na skrini inabaki tupu: samawati,
pipa la taka pembeni, basi.

Namweleza. Programu hazikupotea, Bi.
Zilizopotea ni njia za mkato.
Ni kama kile kichochoro cha kwa Famau
kilipozibwa kwa matofali:
nyumba ya Famau haikuhama,
ila sasa mtu huzunguka hadi Langoni ndipo afike.

"Kwa Famau nilifika kwa hatua arubaini," anasema.
"Sasa siendi."

Nafungua diski. Folda ndani ya folda,
majina ya Kizungu yaliyokatwa mikia,
namba, nukta, namba.
Naonyesha kwa kidole: hii ya kuchapia kadi za harusi,
hii ya hesabu, hii ya michoro ya hina.
Anavaa miwani. Anasoma. Anavua miwani.
"Sizijui hizi."

Ndipo aliponambia.
Zile picha ndogo alizipanga Lali, ndugu yake,
wiki mbili kabla ya kupelekwa Mombasa kwa ajili ya figo,
safari ambayo tikiti ya kurudi haikutumika.
Alizipa majina yake mwenyewe,
maana dada yake Kizungu hukisoma kama mtu avukaye tope:

FUNGUA HII ASUBUHI
PESA ZA WATU
HINA, SI HIYO YA CHINI
UKIKASIRIKA (huo mchezo wa karata)
USIGUSE

Nami niliyafuta yote Jumatatu
huku nanywa kahawa ya tangawizi,
sikusoma hata moja. Kwa fundi, uso wa skrini
ni vumbi la kupanguswa.
Nilihifadhi barua, picha, risiti,
nilihifadhi kila chenye uzito.
Hizi zilikuwa na kilobaiti moja moja.

Basi tukaanza.
Bofya kulia, unda njia ya mkato, peleka mezani.
Yeye anataja, mimi naandika kwa herufi kubwa
kwa kuwa Lali aliandika kwa herufi kubwa,
na koma baada ya HINA,
usisahau koma.

Moja ilikataa: ile ya kadi.
Jina lipo, mwili upo, roho imebaki kwenye mfumo wa zamani.
Nikaisakinisha upya, asilimia kwa asilimia,
umeme ukipepesa, wapita njia wakichungulia,
wakituona tumeinama namna ile
wakashusha sauti, wakadhani pana msiba.

Zilipotimia nne akanyamaza.
"Na ya tano?"
Ilikuwa ikifungua nini, Bi?
"Nitajuaje? Niliambiwa nisiguse."
Miaka mitatu, mshale ukiipita kando
kama mtoto apitaye karibu na jiko la mkaa.

Nikaipekua diski nzima.
Hakikubaki kisicho na mwenyewe.
Na kompyuta haikubali mlango usio na chumba;
yauliza, inaelekea wapi?
Nikaielekeza kwenye kikokotoo.
Nikaandika jina. Nikaiburuta hadi pembe ya chini, kulia.
"Juu kidogo," akasema.
"Hapo. Hapo ndipo alipokuwa."

Akatoa mia tano, nikamrudishia mia mbili.
Leso ya kwanza, leso ya pili, kikapu.
Kikokotoo kile
hakitajumlisha hata moja na moja.