Skuli ya Kufumua

Koti lilitoka kwenye robota la mtumba, sokoni Wete,
la sufu, zito kama mbwa aliyelowa,
na mfukoni tiketi ya treni
ya mji ambao ulimi wangu haukuuweza.
Nani Pemba atavaa hili? Muuzaji mwenyewe alicheka.
Toa elfu mbili, uniondoshee mzigo.

Sikulinunua nilivae.
Nililinunua nilichinje.

Usiku, umeme umekatika Limbani nzima,
nikalilaza kifudifudi mkekani,
nikaanza na kwapa, wembe kwa tochi ya simu,
uzi mmoja, mwingine, mwingine.
Mize, unafanya nini gizani? Mama, kutoka uani.
Nasoma, nikamjibu.
Wala sikumdanganya.

Nilisoma kola: kumbe ndani mna kitambaa kigumu,
hakionekani, hakisifiwi, ndicho kinachoisimamisha.
Nilisoma bega: mkono haukatwi mviringo,
una kilima kidogo, na kilima kina upande wake.
Nilisoma mdomo wa mfuko, umeshonwa mara tatu;
aliyeushona aliijua mikono ya watu.
Lebo niliifumua mwisho,
nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Baba anasema alama zangu za biolojia zinatosha uuguzi,
na kwamba cherehani ni kimbilio la waliofeli.
Nilipotamka mbunifu wa mavazi
shangazi Time alinishika mdomo:
Mbunifu ni Mola. Wewe sema fundi.

Basi fundi.
Fundi Shaame wa Utaani, miwani imefungwa uzi wa kanzu,
alinipa vitundu vya vifungo, miezi minne,
vitundu tu, kanzu baada ya kanzu.
Hakunifunza kwa maneno mazuri.
Tundu likikaa upande, alisema,
bwana harusi atatuonesha kitovu,
kisha akanirudishia kazi yote nifumue.

Kumi la mwisho la Ramadhani sikulala.
Magauni thelathini na moja, na kila mmoja kaja na picha
ya mwanamke mrefu kuliko yeye.
Mwezi ukaandama ishirini na tisa.
Mwezi haungoji pindo.
Bimkasi aliondoka na pini tatu kiunoni,
nikamwambia asiiname,
na viwanja vya sikukuu nilimtazama yeye tu,
akila urojo wima kama mlingoti.
Nusu yao bado hawajanilipa.
Mfunguo Mosi wamesema, kisha Mfunguo Pili.
Daftari langu la madeni lina wateja wengi kuliko duka.

Halafu nikashona la kwangu.
Kaniki nyeusi, ile ya kuchotea kuni,
nikaikata kwa mifupa ya lile koti:
kola yenye uti, bega lenye kilima.
Bitana, kanga ya marehemu bibi,
HUJUI NILIPOTOKA USINIPIMIE NJIA.
Mkasi ulisita. Mama alitoka chumbani.
Upande mmoja ukabaki na hujui nilipotoka,
wa pili na usinipimie,
na njia ikaangukia ndani ya mshono,
haisomeki, ila ukipitisha kidole unaikuta.

Mdogo wangu Khatibu alinipiga picha ukutani,
pale chokaa haijabanduka.
Nikazituma Unguja, wanakotafuta vijana kumi
wa kuonesha kazi zao.
Siku kumi na saba kimya.
Nikapasi kanzu za watu. Nikatia vifungo.

Jana wamejibu. Hawakusema ndiyo,
wala hawakusema hapana.
Wamesema: Mkono wa kushoto umezidi nusu inchi.
Tuma tena kabla ya Ijumaa.

Nikakasirika mpaka alasiri.
Kisha nikalitundika, nikarudi nyuma hatua tatu,
nikalitazama kama la mtu mwingine.

Umezidi.

Nikauchukua wembe.