Mstari wa Pili Haukuja

Jumanne, saa nne asubuhi,
nilingoja dakika kumi na tano kama kisanduku kilivyoagiza.
Mstari wa kwanza ukatokea, mwekundu, na maringo yake.
Wa pili haukuja.
Nikaongeza dakika tano ambazo hakuna aliyenipa.
Haukuja.

Chini ya hadubini wanafanana, sisemi uongo:
vijiti vyekundu, njiti zilizomwagika mezani.
Wote wamekunywa rangi,
wote ukiwaosha kwa asidi hawatakati.
Miezi minane tulimwita huyu kwa jina la nduguye
na kila tulipomwita, aliitika.

Sampuli hushuka kutoka Chiatura na gari la Alhamisi.
Kikopo kimeandikwa *Jumber, miaka 58, manganizi*,
kana kwamba manganizi ni ukoo wake.
Februari ya mwaka jana mistari ilikuja yote miwili,
hilo nalikumbuka, niliisoma mwenyewe:
kifua kikuu, tena sugu, kimezikataa dawa za kawaida.
Wakampa zile kali.
Nyayo zikamwaka moto usiku,
ngozi ikageuka rangi ya udongo uliochomwa,
hata mkewe Lamara akasema:
mume wangu amerudi mgodini na hajatoka kitandani.

Makohozi yakabaki yale yale. Vijiti, vijiti.
Tepe zilituishia Aprili. Tuliandika barua. Tuliandika nyingine.
Na ripoti zangu zikaendelea kupanda mlima:
*vimeonekana. Vimeonekana.*
Basi wakamshuku.
Nesi akasimama mlangoni kuhesabu mameza,
akamwambia fungua mdomo, inua ulimi,
mtu aliyepasua miamba miaka thelathini
akainua ulimi kama mtoto aliyeiba sukari.

Sugu alikuwa amekufa, Jumber.
Ulimmeza kidonge kwa kidonge, ukamuua.
Ila nyumba alizochimba kifuani mwako hazikuzibwa,
na penye nyumba tupu hapakosi mpangaji.
Huyu hakukoholewa na mtu.
Huishi kwenye utando wa mabomba,
kwenye bafu labda, lile la wachimbaji,
mlikosimama uchi zamu ikiisha, mkicheka,
mkijiosha vumbi jeusi mpaka maji yatiririke meupe,
na mvuke ukipanda, ukivutwa ndani.
Labda. Bomba halina ulimi wa kuinua.

Nusu ya vidonge ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Nikampigia simu Daktari Manana.
Akanyamaza, kisha: “Tsiala, una uhakika?”
Nina utepe mmoja wenye mstari mmoja.
Sampuli moja haitoshi, kitabu kinasema,
huenda ni mpita njia tu, ameingia kikoponi na maji ya kusukutulia.
Leteni ya pili. Leteni asubuhi, kabla hajanywa chai.
“Na mjukuu?” nikauliza, japo si kazi yangu.
Yupo mjukuu, Nutsa, huja Jumapili,
hubandika michoro kwenye kioo upande wa nje.
Huyu mpya kwa kawaida haruki toka mtu hadi mtu.
“Tungoje,” akasema. Sauti yake ilikuwa imeshafungua mlango nusu.

Nikavua glavu.
Nikafungua bomba ninawe mikono
nikasimama hapo, nayatazama maji,
masafi, hayana hata harufu.
Alhamisi ni kesho kutwa.
Kwenye kisanduku zimebaki tepe tatu.
Moja nimeiandika jina lake kwa kalamu ya risasi,
ili mtu mwingine asiitumie.